Sabina Aliyeomba Kuchekwa

Kila alipomaliza kusoma ukurasa, Sabina alikifunga kitabu, akakiweka kwenye kiti, akakikalia. Ndipo alipoanza kusema alichokisoma, taratibu, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Akikwama hakukimbilia kitabu. Alibaki juu yake, akakunja uso, akajaribu njia nyingine, na pale tu alipokubali kwamba hajui aliinuka kidogo, akachungulia mstari mmoja, akakaa tena. Alianza mazoea hayo Kidato cha Tatu na hakuyaacha alipokuwa mwalimu mwenye watoto wawili. Hata waraka wa wizara aliukalia. Mume wake, Kasiani, aliwahi kuniambia nyumbani kwao mtaa wa Rahaleo, mjini Mtwara, kwamba ameoa mwanamke anayeatamia karatasi kama kuku. Sabina alikuwa anamenya mihogo, akajibu bila kugeuka, "Na wewe ungeliatamia gazeti badala ya kujifunikia usoni, ungejua lililoandikwa."

Nilimfahamu katika shule ya bweni ya wasichana pale Mtwara, katikati ya miaka ya sabini. Mimi ni Mpare. Baba yangu alihamishiwa bandarini nikiwa mdogo, tukapewa nyumba mtaa wa Shangani, na kwa hiyo nilikuwa mgeni niliyekulia ugenini. Sabina alikuwa Mmakonde wa hapo hapo. Wazazi wake walikuwa wameishi ndani ya mikorosho yao, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya bonde, mpaka watu walipokusanywa vijijini na wao wakahamia kijiji cha ujamaa upande wa mlango wa Ruvuma. Huko walikuta shule, zahanati iliyokuwa inajengwa, na kisima.

Kisima hicho ndicho kilichomleta kwenye kemia. Maji yake yalikuwa maangavu kuliko ya mtoni, lakini sabuni haikutoa povu. Mama yake alisugua mpaka kipande kikaisha mkononi, akabaki na utando mweupe juu ya maji kama wa uji uliopoa. Sufuria ya kuchemshia chai nayo ilifanya gamba gumu ndani. Watu wengine kijijini walisema kisima kina wenyewe na wenyewe hawakuombwa ruhusa. Wengine walisema kisima hakina kosa, sabuni za siku hizi ndizo mbovu.

"Mimi nilitaka kujua ni kipi kati ya viwili hivyo," Sabina aliniambia. "Nikasikia kuna somo."

Basi alichagua kemia, na kwa miaka miwili ya kwanza aliisoma kama alivyofundishwa kusoma tangu darasa la kwanza, yaani kwa kuimba. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tuliishika kama mtu anavyoshika chungu cha moto, kwa ncha za vidole. Sabina aliimeza nzima nzima. Alitembea bwenini akiimba kurasa, akaziimba akifagia, akaziimba kwenye shamba la shule jembe likipanda na kushuka. Tulimwonea wivu. Tulidhani anajua.

Kisha ukaja mtihani wa kabla ya Pasaka. Swali moja liliuliza kwa nini maji ya chokaa hubadilika hewa ya kaboni dayoksaidi inapopita ndani yake. Sabina akaandika ukurasa wa kitabu unaoeleza namna ya kutengeneza hewa hiyo. Hakukosea hata mkato. Alimalizia, kama kitabu kilivyomalizia, kwa maneno yanayomwambia msomaji atazame mchoro katika ukurasa unaofuata. Ukurasa uliofuata kwenye karatasi yake ulikuwa mweupe.

Mwalimu Filipo, Mhaya mrefu aliyefundisha kemia na hesabu, hakuwa mtu wa kufoka. Alimwita mbele baada ya kipindi, mimi nikiwa nakusanya madaftari.

"Sabina, mkono wako unajua kemia," alisema. "Wewe mwenyewe bado. Nitakupima tena kabla ya Sabasaba, wewe peke yako, kwa mdomo na kwa vitendo, hapa mbele yangu. Ukishindwa utahamia mchepuo wa sayansi kimu."

"Sayansi kimu ni adhabu, Mwalimu?"

"Si adhabu hata kidogo. Taifa linahitaji lishe. Ila huko hakuna kemia."

Sabina alitoka nje karatasi ikiwa mkononi, na pale kwenye baraza Zainabu akamnyang'anya. Zainabu alikuwa Myao wa kutoka Masasi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na Wayao na Wamakonde ni watani. Alisoma mpaka mwisho, akaigeuza karatasi, akaitazama ile sehemu nyeupe, akaigeuza tena. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Tazama mchoro! Uko wapi, mtani? Umeumeza na wenyewe? Wamakonde bwana, kila kitu mnachonga. Kitabu cha watu umekichonga kikawa sanamu: mdomo kinao, kusema hakisemi!"

Darasa zima likacheka. Angekuwa msichana mwingine, wa kabila jingine, pangekuwa na ngumi. Kwa mtani hakuna ngumi. Sabina alirudi bwenini akalala chali, akatazama mabati, na hakula jioni ile.

Kilichotokea asubuhi ndicho ninachokifikiria mara nyingi kuliko mambo mengi makubwa niliyoyaona baadaye. Tulikuwa kwenye foleni ya bomba. Sabina akaweka ndoo yake chini, akamwendea Zainabu.

"Mtani, jana umenicheka mara moja tu."

"Unataka nikuombe radhi? Sina."

"Nataka unicheke kila siku."

Zainabu akamtazama kama anayetafuta mtego. "Wewe umeota nini?"

"Sikiliza. Wenzangu wote nikisoma wananiambia vizuri. Esta huyu hapa," akaninyooshea mimi kidole, "ananiambia vizuri. Mwalimu ananionea huruma. Wewe peke yako ndiye uliyeona kwamba ukurasa ni mweupe. Mtu mwingine akinicheka nitamchukia, na nikimchukia sitasikia anachosema. Wewe siwezi kukuchukia, ni mtani wangu. Basi fanya kazi yako."

Sikupata kuona mtu akiomba kitu cha namna hiyo, na hadi leo sijaona. Sisi wengine tulisoma kwa kuficha tusichokijua. Tulikaa karibu na wanaotusifu. Yeye alichukua lile neno lililomlaza na njaa, akaliomba liwe chakula cha kila siku.

Wakakubaliana masharti palepale, kwenye foleni. Zainabu atacheka kila Sabina atakapokosea, ila lazima aseme kosa liko wapi. Akicheka pasipo kosa, au akishindwa kulionyesha, atambebea Sabina ndoo mpaka bwenini. Mimi niliomba nami nishiriki.

"Wewe Mpare huna utani na sisi," Zainabu alisema. "Ukicheka ni matusi. Shika kitabu, sema ndiyo au siyo."

Tulikutana nyuma ya jiko la shule, penye magogo ya kuni, baada ya kazi za shamba. Siku ya kwanza Sabina alianza kuimba ukurasa. Zainabu alimwacha mpaka katikati, akauliza kwa Kiswahili, "Sasa hiyo hewa unayoitaja inatoka wapi?" Macho ya Sabina yakaenda kwenye kitabu nilichokishika.

"Anachungulia! Mwizi! Esta, mpe kitabu akikalie, labda kitaingilia huko."

Hivyo ndivyo kukalia kulivyoanza, kwa kejeli ya Myao.

Wiki za mwanzo zilikuwa za aibu tupu. Sabina aligundua kwamba zile kurasa zote alizoziimba hakuwa na hata moja. Aliacha kuimba. Alisoma kidogo, akakikalia kitabu, akamweleza Zainabu kwa Kiswahili chake mwenyewe, chenye Kimakonde ndani yake, kana kwamba anamweleza mama yake pale kisimani. Kicheko kikija, alisimama palepale, akauliza, "Wapi?" Baada ya kueleweka kwa Kiswahili ndipo alipojaribu kwa Kiingereza, na maneno ambayo zamani yalikuwa sauti tu sasa yalikuwa na kitu cha kubeba.

Mlinganyo ulimsumbua zaidi. Tukaomba jikoni korosho zilizobanguliwa ziwe kaboni, na mbegu za ukwaju ziwe oksijeni, naye akazipanga chini pande mbili za kijiti mpaka zilingane. Siku moja alihesabu na kuhesabu, pande zikakataa.

"Haulingani," alisema, karibu kulia.

"Pengine hujui kuhesabu."

"Kaboni imepungua. Ilikuwepo hapa." Akainua macho. "Zainabu, fungua mdomo."

Zainabu alikuwa anatafuna. "Imeungua," alisema. "Kaboni huungua."

"Myao amekula kaboni! Esta, andika kwamba katika nchi hii vitu havipotei isipokuwa Myao akiwa karibu!"

Siku ile Zainabu ndiye aliyebeba ndoo.

Sabina alikuwa na jambo jingine aliloliita kiporo. Asubuhi, kabla ya kufungua lolote jipya, alisema upya la jana, na Jumapili tukitoka kanisani alisema la wiki nzima, na mara nyingine akarudi ghafla kwenye la mwezi uliopita ambalo sisi tulikuwa tumeshalisahau. "Chakula cha jana ukikipasha ndipo unajua kama kimechacha," alisema. Wala hakukesha. Wengine walisoma chini ya blanketi kwa tochi, wakaja darasani macho mekundu. Yeye kengele ya kulala ilipogongwa alilala, na Zainabu akalalamika kwamba Mmakonde huyu anafaulu huku anakoroma.

Ndipo tukafanya jaribio letu la kwanza wenyewe. Shule ilikuwa imepaka bweni jipya chokaa, ile inayochomwa kwa mawe ya matumbawe huku pwani, na iliyobaki ilikuwa kwenye pipa. Tuliikoroga na maji, tukaiacha ituame, tukachota maji maangavu ya juu yake tukayatia kwenye gilasi. Sabina akakata bua la jani la mpapai, lenye uwazi katikati, akalitia ndani ya maji, akapuliza.

Maji yakawa maziwa.

Nilikuwa nimesoma jambo hilo na kulipatia alama nzuri. Sikuwa nimeliona. Pumzi ya msichana, kitu kisichoonekana, ilikuwa inaingia kwenye maji yasiyo na rangi na kutoka humo ikawa vumbi la jiwe. Sabina aliinua gilasi usawa wa macho. "Ni tumbawe," alisema kwa sauti ndogo. "Walilichoma, pumzi yake ikatoka, likawa chokaa. Mimi nimelirudishia pumzi yake." Zainabu alifungua kinywa acheke, akakifunga.

Siku ya kupimwa ilifika. Mimi na Zainabu tulikuwa zamu ya kuosha vyombo vya maabara, tukaosha polepole sana. Mwalimu Filipo aliuliza maswali ya kawaida, Sabina akajibu kwa Kiingereza kizuri cha kutosha. Kisha mwalimu akamwekea neli ya majaribio yenye maji ya chokaa na mrija wa kioo.

"Thibitisha kwamba unatoa kaboni dayoksaidi. Kisha nieleze unachokiona."

Sabina akapuliza. Maji yakawa meupe, na hapo ndipo kitabu kilipoishia, na sisi pia nyuma ya jiko siku zote tuliishia hapo. Lakini hofu ilikuwa imemshika. Hakuacha kupuliza. Aliendelea, mashavu yamejaa, macho yamemkodoka, akivuta pumzi na kupuliza tena, kana kwamba akiacha atahamishwa. Na maji ya chokaa hayakuwa makali. Mbele ya macho yetu weupe ukaanza kupungua. Ukawa ukungu. Kisha ukatoweka, na neli ikawa na maji maangavu, kama vile hakuna aliyeyagusa.

Sabina akautoa mrija mdomoni. Alikuwa ameliharibu jaribio, hivyo ndivyo nilivyodhani, na hivyo ndivyo alivyodhani yeye. Mwalimu Filipo alisogea mezani. Alitazama neli, akamtazama yeye, akafungua kalamu.

Hapo Zainabu, mikono imejaa povu la sabuni, akapasuka kicheko.

"Mtani! Umeyapuliza maziwa mpaka yamerudi kwa ng'ombe!"

"Zainabu!" Mwalimu Filipo aligeuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. "Toka nje!"

Lakini uso wa Sabina ulikuwa umebadilika. Niliuona kwa macho yangu. Kicheko kile, ambacho kingemvunja mtu yeyote aliyesimama mbele ya mwalimu na kalamu iliyofunguliwa, kwake kilikuwa na maana moja tu tangu Pasaka: kuna kosa, liko wapi, sema. Mabega yakashuka.

"Wapi?" alisema, akijiuliza mwenyewe. Kisha, "Mwalimu, naomba niseme kwa Kiswahili kwanza."

Mwalimu Filipo aliishusha kalamu. "Sema."

"Weupe ulikuwa jiwe. Ni unga wa jiwe ndani ya maji. Nimeendelea kupuliza, na jiwe limepotea. Lakini vitu havipotei." Alitazama neli. "Basi limo. Limeyeyuka. Pumzi ya kwanza imelitengeneza, pumzi iliyozidi imeliyeyusha." Akasita, midomo ikaendelea kucheza bila sauti, kama alipokuwa juu ya gogo la kuni kitabu kiko chini yake. "Mwalimu, maji yenye jiwe lililoyeyuka ndani yake, maangavu hivi... haya ni maji ya kisima cha kwetu."

Sabina akaangaza macho mezani.

"Naomba taa ya spiriti."

"Ya nini?"

"Kwetu sufuria hufanya gamba. Kama ni maji yale yale, moto utaifukuza ile pumzi iliyozidi, na jiwe litarudi."

Mwalimu Filipo mwenyewe aliiwasha taa. Sabina akaishika neli kwa koleo juu ya moto, akiitikisa polepole. Zainabu hakuwa ametoka. Alisimama mlangoni mguu mmoja nje. Maji yakaanza kuchemka, vipovu vikapanda, na humo ndani ya neli, kidogo kidogo, weupe ukarudi.

Hakuna aliyefurahi kwa kelele. Sijui wengine walihisi nini. Mimi nilihisi kama nimeonyeshwa mlango katika ukuta ambao nimekuwa nikipita kando yake maisha yangu yote. Jiwe la baharini, moto wa tanuri, pumzi ya mtu, kisima cha upande wa Ruvuma na nguo za mama yake Sabina zilizokataa kutakata, vyote vilikuwa kitu kimoja kinachozunguka, na msichana wa Kidato cha Tatu alikuwa amekishika kwa koleo.

"Sasa sema yote kwa Kiingereza," Mwalimu Filipo alisema.

Akasema yote. Kulikuwa na makosa ya lugha. Hakukuwa na hata sentensi moja ya kitabu.

"Utabaki," alisema mwalimu, akafunga kalamu bila kuandika kitu. Kisha akageukia mlango. "Na wewe Zainabu, utaosha maabara hii mpaka Sabasaba."

"Ndiyo, Mwalimu," Zainabu alisema. "Ila alama nyingine ni zangu."

Sabina alifaulu Kidato cha Nne, akaenda kusoma mikoa ya kaskazini, akarudi kufundisha kemia katika shule ile ile. Nyumbani alimweleza mama yake kwamba kisima hakina wenyewe na sabuni haina kosa, achemshe maji ya kufulia, ayaache yatuame, amimine ya juu. Mama alifanya hivyo na povu likaongezeka, ingawa alilalamika kuhusu kuni, na wapo waliosema huko ndiko kuwaomba ruhusa wenyewe, kwa moshi.

Nami nikawa mwalimu, wa historia, nikapangiwa mbali. Mwaka wa themanini na nne homa ilimchukua Sabina kwa siku chache. Nilifika Rahaleo nikamkuta Zainabu amekwisha kufika kutoka Masasi, na kwa kuwa ni mtani ndiye aliyesimama mlangoni mwa msiba. "Mmakonde gani huyu anayelala mchana?" alisema kwa ile sauti yake. "Amka, mtani, bado hujaniuliza kosa liko wapi!" Wageni wa kutoka bara walishtuka. Wenyeji walicheka, na machozi yakawatoka humo humo. Mimi sikuwa na haki ya kusema maneno kama hayo. Nilikaa mkekani na akina mama.

Lakini nilikuwa nimemwona mwaka mmoja kabla, nikiwa likizo. Nilimkuta barazani mwa darasa, chaki kwenye vidole, kipindi kikikaribia, akisema peke yake midomo tu ikicheza. Nilimwambia kwamba yeye sasa ni mwalimu, hana haja tena ya kuhangaika hivyo. Kengele ikagongwa. Wasichana wakawa wanaingia, wakimwamkia mmoja mmoja, naye akiwaitikia. Akanishika mkono, akaniachia unga wa chaki kiganjani.

"Leo nafundisha kitu ambacho hata mimi sijakielewa sawasawa, Esta," alisema. "Nimeshawaambia wakiona kosa wacheke."